Mpira Huchaguliwa Kama Mkwe

Jumatatu, Machi 3

Mpira wa zamani wa kupitishia kostiki umekufa. Haukupasuka, afadhali ungepasuka. Umeanza kutoka jasho! Matone madogo madogo tumboni, pale unapopita juu ya ukuta mfupi kutoka kwenye tangi la kostiki kwenda kwenye chungu kikuu cha sabuni. Mama Povu, mpishi wetu mkuu wa sabuni, ndiye aliyeyaona. Akafunga koki, akavua glavu, akatangaza kwamba hapiki tena mpaka aletewe mpira wa maana. Kiwanda kizima kimesimama.

Nieleze, ingawa shajara haijauliza. Kostiki ni ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Bila hiyo tungekuwa wauza mafuta tu. Ikiwa baridi, inaunguza taratibu. Ikiwa ya moto, inavua ngozi kama mtu amenyavyo kitunguu, na macho haiyabishii hodi. Hayo nimeyafundisha miaka mingi, hata kwa wasiotaka. Leo asubuhi tu nimemkuta mpika chai akijiandaa kusugua birika lake la alumini kwa kostiki. Nikamzuia. Nikamweleza kwa utulivu, tangu chimbuko la madini, kwamba kostiki hula alumini kama mchwa alavyo mbao, tena kwa povu na kelele. Chai ikapoa. Watu wakanung'unika. Wacha wanung'unike. Elimu hainywewi ya moto siku zote.

Mchana Mkurugenzi akatuita, mimi na Mhandisi. Mimi ni mkuu wa ghala. Kila kinachonunuliwa hapa kimepita mikononi mwangu, na ufunguo wa ghala unaning'inia kiunoni mwangu tangu Mhandisi akiwa anafungwa kamba za viatu na mama yake. Mhandisi huyu ni mkwe wangu. Amemwoa kitinda mimba wangu. Kijana mpole, na hapo ndipo penye maudhi. Utagombanaje na mtu anayekuamkia huku ameinama?

Mkurugenzi ni mama wa maneno machache. Kila mmoja alete mpira anaouamini. Ijumaa tutaijaribu mbele ya watu. Ambaye mpira wake utafaa ndiye atakayechagua manunuzi yote tangu siku hiyo, na ufunguo atakaa nao yeye. Na mwingine? Mwingine, akasema akitazama dirishani, atakuwa mshauri.

Mshauri! Najua maana yake. Mkuu wa karakana wa zamani alifanywa mshauri. Wakampa kiti kando ya mlinzi wa geti, akawa anashauri malori yanavyorudi nyuma. Malori hayakumsikiliza.

Ufunguo huu hautoki kiunoni. Nimeshasema.

Jumanne, Machi 4

Mkwe ana maswali manne. Nimeyasikia kwa kitinda mimba wangu, aliyekuja kumsalimu mama yake. Nilimchokonoa kidogo tu, kama baba. Amesema mumewe tangu jana anazunguka mezani akijiuliza: ni kimiminika gani kitakachopita, kina joto kiasi gani, kinasukumwa kwa nguvu gani, na ncha za mpira ni za kitu gani. Ameyarudia mpaka binti yangu ameyakariri. Nimecheka. Mtu mzima na digrii yake anauliza ni kimiminika gani! Anafanya kazi kiwanda cha sabuni!

Mimi nina kanuni yangu, na ni ya zamani kuliko digrii. Mpira huchaguliwa kama mkwe. Unatazama sura. Unatazama ukoo alikotoka. Unatazama jinsi anavyobeba mzigo. Mdomo utauchunguza baadaye, mkishazoeana. Binti yangu akasema, Baba, kwa hiyo mume wangu ulimchagua hivyo? Nikamwambia huyo alijichagua mwenyewe, na matokeo ndiyo haya.

Mama watoto, toka jikoni, akasema nimwache mtoto apumzike.

Baadaye nikaenda kwa Bwana Nyoka. Ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima, kwa kuwa anauza mipira na duka lake limejaa mikunjo mitupu: myeusi, myekundu, minene, myembamba, mingine imening'inia darini inakupapasa kichwa. Akanipa kiti. Akaniita mwalimu. Sijawahi kuwa mwalimu rasmi, ila mtu mwenye macho huona.

Nikamwambia nataka mpira wa kitu cha moto. Akaniuliza moto wa namna gani. Nikamweleza historia ya moto. Akasikiliza mpaka akapiga miayo, kisha akatoa mpira mmoja kutoka nyuma ya pazia.

Loo! Buluu kama anga baada ya mvua. Mwepesi, unaubeba kwa mkono mmoja kama khanga iliyokunjwa. Na midomo yake, yaani viungio vya kila ncha, inang'aa mpaka nikajiona ndani, nikiwa na afya njema. Bwana Nyoka akasema, "Unahimili, mzee wangu. Huu unahimili!" Sikumuuliza unahimili nini. Kuuliza ni kwa asiyejua.

Nikausainia kwa majaribio. Mkwe ajiandae.

Jumatano, Machi 5

Jaribio la nyumbani. Limefana, isipokuwa zulia.

Nieleze utaratibu. Sufuria kubwa ya mama watoto, ile ya shughuli, nimeijaza maji na kuyachemsha mpaka yakaimba. Nikaipandisha juu ya meza. Ncha moja ya mpira nikaichomeka kwenye koki ya ndoo ya kuogea niliyoiunganisha kwa ustadi. Ncha ya pili nikaipeleka bafuni kupitia sebuleni. Nikamwaga maji ya moto ndooni. Yakapita! Bila tone! Nikapiga makofi peke yangu. Bahati mbaya hapakuwa na mtu wa kushika ncha ya bafuni, nayo ikageuka ikaangalia sebuleni.

Mama watoto alirudi sokoni akakuta zulia linafuka mvuke.

Sitayaandika yote aliyoyasema. Alianza na mimi, akaenda kwa marehemu baba yangu, akarudi. Nilipomwonyesha mpira wenyewe, anga la buluu na midomo inayong'aa, akautazama muda mrefu. Akasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikamsahihisha kwa upole kwamba ndani ya mpira hamna kipande cha mti, hamna kitu chochote, na uwazi huo ndio unaoufanya uwe mpira. Akasema kichwa nacho kinaweza kuwa mpira kwa hesabu hiyo.

Kisha akauliza swali la kienyeji: hayo si maji? Kwani kiwandani mnapitisha maji? Nikamweleza kwamba vimiminika vyote ni ndugu. Akasema hata mimi na kaka yangu ni ndugu, lakini mmoja tu ndiye mwenye akili, na si yule aliyemwoa yeye.

Jambo moja nililogundua. Baada ya maji ya moto, mpira ulilegea kidogo. Ulilala kila nilipoulaza, kama mtu aliyetoka kuoga. Mwingine angeogopa. Mimi nimeona utiifu.

Nimelala sebuleni. Kwa hiari yangu. Zulia bado bichi.

Alhamisi, Machi 6

Mpira wa mkwe umefika. Nimeuona. Masikini ya Mungu!

Mweusi tii. Mzito kama deni la ukoo. Nje umefumwa waya kama kikapu cha kubebea mawe, ndani umevikwa utando mweupe unaoteleza, kama ule wa kikaango kisichoshika. Midomo yake ni ya chuma kisichoshika kutu, haina mng'ao, imenuna. Shingoni umefungiwa karatasi inayoeleza unapitisha nini, unastahimili joto gani na msukumo gani. Mpira wenye barua ya utambulisho! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza na vyeti.

Hata hivyo nilipata wasiwasi. Mkurugenzi anapenda karatasi. Nikapanga mpango. Ningeuhamisha ule mweusi nyuma ya magunia ya chumvi, pembeni kabisa ya ghala, ili kesho mkwe autafute kidogo. Kuchelewa tu. Kuchelewa hakujamuua mtu, ila kunampunguzia heshima, na heshima yake imezidi kimo.

Watu walipoenda kula nikauinamia. Nikaukumbatia. Nikauinua.

Mgongo ukasema kaa!

Nilibaki pale nimepinda kama ndoano, ule mweusi mapajani, siwezi kusimama, siwezi kuuacha. Anayeingia ni nani? Mkwe. Nikajiandaa kushtakiwa. Nikaandaa na utetezi, ulikuwa na sehemu tatu. Lakini kijana akatupa chakula chake, akanikimbilia, akasema, "Baba! Baba jamani, umenibebea mpira wangu peke yako? Si ungeniita!" Macho yamejaa shukrani. Akanitua ule mzigo, akanikalisha juu ya gunia, akanikanda kiuno kwa kiganja. Wema wa namna hii unachosha.

Nikiwa pale gunini, akauona wa kwangu wa buluu. Akachuchumaa. Akaushika mdomo, akaugonga kwa ukucha. Akauliza kwa adabu, karibu kunong'ona: Baba, hizi ncha ni za madini gani?

Nikamwambia ni nyepesi. Akasema ndiyo Baba, lakini ni za nini? Nikamweleza umuhimu wa wepesi katika kazi ya kubeba, nikagusia mgongo wangu kama ushahidi. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akafungua tena. Nilimwona akimeza kitu kizima kizima. Mwishowe akasema sawa Baba. Akaomba jambo moja tu: kesho tusianze na tangi. Tuanze na ndoo. Ncha za mipira yote miwili zichovywe kwenye kostiki ya moto, uwanjani, watu wakae mbali.

Anaogopa! Nimemkubalia palepale. Mwenye haki haogopi ndoo.

Nilipokuwa natoka nimepinda, Mama Povu alinisimamisha mlangoni. Huyu mama hana adabu za ofisini. Amesimama kando ya chungu kile tangu ujana wake, na ana kovu mkononi mfano wa jani, la mpira uliopasuka enzi za mkuu wa ghala aliyenitangulia. Akaninyooshea jani hilo. Akasema, "Mzee, sikia. Wewe unachagua, mimi ninaungua. Ukichagua, nikumbuke."

Nikamwambia asiwe na shaka, nimechagua kwa moyo. Akasema ungechagua kwa macho na kichwa, moyo mwachie mkeo.

Ijumaa, Machi 7

Siku ya haki. Naandika nikiwa nimesimama, mgongo haukubali kiti.

Uwanja wote ulijaa. Mkwe alikuwa amepanga kila kitu kama mtu anayemwoza binti. Kamba ya kuzuia watu. Pipa la maji safi karibu, la kumwagia atakayerukiwa. Mlinzi wa geti ameambiwa azime sigara yake, na amelalamika. Mama Povu na mkwe wamevaa aproni ndefu za mpira, glavu mpaka kwenye viwiko, na vioo usoni. Mimi nilikataa aproni. Inakunja suti.

Ndoo mbili za chuma. Kostiki ya moto ndani, inafuka. Mkwe akachovya ncha nyeusi kwenye moja. Akaniomba ruhusa, mbele ya watu, achovye ya kwangu. Nikamruhusu kwa ishara ya mkono, kama jaji.

Ile nyeusi ikakaa. Hivyo tu. Ikakaa kama mgeni asiyejulikana.

Ya kwangu ikaanza kuimba! Ssss! Kwanza vipovu vidogo kama soda ya chupa. Nikawageukia watu nikasema mnaona, inaitikia. Kisha povu likapanda, ndoo ikanguruma, mvuke ukafumuka, na ule mng'ao uliokuwa ukionyesha afya yangu ukageuka kijivu, kisha mweusi. Mpika chai, yule wa birika, akapaza sauti kutoka nyuma ya kamba: jamani, si ndiyo kelele aliyonieleza Mzee Jumatatu?

Nikasema kwa sauti kwamba inajisafisha.

Mama Povu akacheka mpaka kioo kikaingia ukungu. Akasema ikimaliza kujisafisha itabaki nini, sisi tutashika wapi?

Ikatulia baadaye. Mkwe akaushika mpira wa buluu mbali na ncha, akauinua. Na mpira, ambao joto lilikuwa limeulegeza mpaka ukalainika kama utumbo, ukaja wenyewe. Mdomo ukabaki ndani ya ndoo! Mpira mikononi mwa mkwe, mdomo ndooni, ukiendelea kupiga mapovu kama mtu anayezama akidai haki yake.

Nilimtazama Mama Povu. Alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameangalia pale juu ya ukuta mfupi, mahali ambapo mpira ungepita, na mahali anaposimama yeye. Akajishika lile jani la mkononi. Ningependa angecheka.

Mkurugenzi akanigeukia. Akaangalia kiuno changu, penye ufunguo. Niliushika. Sikuuficha, niliushika tu.

Ndipo mkwe akavua kioo, akasema mbele ya watu wote kwamba tumshukuru Baba. Kwamba Jumatatu Baba alitufundisha kwa mdomo kuwa kostiki hula alumini, tukanung'unika kwa sababu ya chai. Leo ametuonyesha kwa macho. Hakuna atakayesahau. Akapiga makofi. Wakapiga wote, mpika chai kwa nguvu zaidi. Mkurugenzi akanitazama, akamtazama mkwe, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Alumini! Kumbe ilikuwa alumini.

Lakini subiri. Nimefikiri njia nzima nikirudi nyumbani, nikitembea kwa kuinama. Kuna mtu ndani ya mtu. Mimi ninayejua kostiki hula alumini nisingeweza kununua alumini kwa bahati mbaya. Haiwezekani kielimu. Kwa hiyo nilinunua makusudi, ila sikujijulisha. Ndiyo! Lilikuwa somo. Nililiandaa tangu Jumanne, kwa siri kubwa kiasi kwamba hata mimi sikuambiwa.

Hukumu ya Mkurugenzi: mpira mweusi utafungwa, baada ya kusukumiwa maji kwanza kuona kama unavuja. Manunuzi atachagua Mhandisi. Mimi kila Jumatatu nitawafundisha wafanyakazi kuhusu hatari za kiwandani, kwa kuwa nina kipaji. Na ufunguo? Mkwe mwenyewe ameomba ubaki kwangu. Amesema kiuno chake ni chembamba.

Nimeshinda. Isomwe hivyo.

Jumamosi, Machi 8

Mpira mweusi umefungwa. Mama Povu amepika. Kostiki ilipita bila jasho wala tone, na sabuni imeganda nyeupe safi. Amenitumia mche mzima, na salamu: zulia lifuliwe. Nani amemweleza habari za zulia? Kitinda mimba wangu hana siri.

Mama watoto amechukua mpira wa buluu anamwagilia mboga. Unafaa sana. Amesema kila chombo kina pake, hata mume.

Nikaenda kwa Bwana Nyoka kulalamika. Nilikuwa mkali. Nikamweleza aibu yote, isipokuwa ilikuwa somo, kwa hiyo haikuwa aibu. Akashangaa mpaka akakaa. Akasema, "Kostiki? Mzee wangu, si ungesema kostiki! Ule ni mpira wa shambani, wa maji. Uliposema moto nikadhani unalalamikia jua." Akasema angenipa mwingine kabisa kama angejua. Nikamwuliza kwa nini hakuniuliza. Akasema aliniuliza, nikamweleza historia.

Hoja dhaifu. Nimemsamehe.

Jumapili, Machi 9

Siku tulivu. Mgongo umekubali kiti.

Mkwe na binti yangu walikuja kutusalimu. Kijana akanieleza, huku ameinama kama kawaida, kwamba pampu ya kostiki nayo inachoka, na wiki hii ataanza kutafuta nyingine. Akaniomba ushauri. Akanihesabia yale maswali yake manne: kimiminika gani, joto gani, msukumo gani, madini gani. Nilimwitikia kwa kichwa kama mzazi. Anajaribu, masikini. Lakini kijana hana jicho.

Sikumwambia kwamba jana, nikitoka kwa Bwana Nyoka, niliiona. Ilikuwa kwenye kona, chini ya turubai. Ndogo, nyepesi, unaibeba kama mtoto mchanga. Na inang'aa! Nimejiona ndani yake, na safari hii hata mgongo ulionekana umenyooka. Bwana Nyoka akaanza kuuliza ni ya kupitishia nini. Nikamnyamazisha kwa mkono. Kosa la mpira, nimelichambua vizuri, lilikuwa mdomoni. Na pampu haina mdomo.

Nimeagiza iletwe kesho kabla ya mkwe hajafika kazini. Ghala nitalifungua mwenyewe. Ufunguo ninao.

Mama watoto amesoma juu ya bega langu. Ameuliza: ikiwa pampu haina mdomo, kostiki itaingilia wapi, na itatokea wapi?

Nimefunika ukurasa kwa mkono. Maswali ya namna hiyo ni ya mkwe.